Usonji hatua kwa hatua: namna ya kumwelewa na kumsaidia mwenye usonji

Mwanangu alipokuwa na miaka minne alishikwa na msemo mmoja: "Mlango umefungwa." Atausema chumbani, atausema njiani, atausema kitandani, na aghalabu huku analia. Sisi tukawa tunamsahihisha. Tunampeleka mlangoni, tunaufungua mbele ya macho yake, "Si huu hapa, uko wazi?" Kilio kinazidi. Ilipita miezi ndipo nikakumbuka siku ufunguo ulipopotea, tukakaa nje mpaka giza likaingia, nami nikirudia maneno hayohayo sauti ikinitetemeka. Kumbe kwake hilo ndilo lilikuwa neno la hofu. Siku niliyomjibu, "Unaogopa. Nipo hapa," alinyamaza, akaniegemea.

Mwongozo wote huu unasimama juu ya kisa hicho. Mwenye usonji, awe anaongea au haongei, karibu kila mara ana jambo analolisema: kwa mwili, kwa kilio, kwa kukimbia, kwa maneno ya kuazima. Anayemsaidia husoma kwanza. Kurekebisha kunafuata baadaye, na mara nyingi cha kurekebishwa si mtoto. Hatua hizi nimezipanga kwa mfuatano ambao mimi sikuufuata, nikajuta.

Hatua ya 1: Jua unashughulika na nini

Usonji ni namna tofauti ya ubongo kukua, na tofauti hiyo huanza kabla mtu hajazaliwa. Hujitokeza katika maeneo mawili. La kwanza ni mawasiliano na mahusiano na watu. La pili ni kurudiarudia mambo, kushikilia utaratibu, kuzama katika jambo moja analolipenda, pamoja na milango ya fahamu inayopokea sauti, mwanga au mguso kwa nguvu mno au kwa uchache mno.

Utasikia "wigo wa usonji", na wengi hulichukulia neno hilo kama ngazi: huyu yuko chini, yule yuko juu. Sivyo. Mtu mmoja huandika programu za kompyuta na hawezi kupiga mswaki bila kuhisi maumivu. Mwingine hatamki neno hata moja, lakini anaelewa kila linalosemwa juu yake akiwa amekaa hapohapo. (Kwa hiyo tuache kumjadili mtoto mbele yake kana kwamba ni kiti.) Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeunganisha majina yote ya zamani, likiwemo la Asperger, kuwa jina moja, na hutaja viwango vitatu vya msaada unaohitajika. Ukiona "kiwango cha 2" kwenye ripoti, soma: anahitaji msaada mwingi. Hakipimi akili wala thamani ya mtu.

Historia kidogo, maana uongo mwingi unaozunguka leo ulizaliwa humo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu watoto 11; mwaka uliofuata Hans Asperger akaandika kuhusu wengine mjini Vienna. Daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alikuwa amekwisha kuwaeleza watoto wa namna hiyo tangu miaka ya 1920, ila hakusikilizwa sana. Kisha akina mama wakabebeshwa lawama kwamba ubaridi wao ndio uliomfunga mtoto. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliipinga hoja hiyo mwaka 1964, na mwaka 1977 utafiti wa mapacha wa Susan Folstein na Michael Rutter, Uingereza, ukaonyesha kuwa urithi una nafasi kubwa. Uvumi kwamba chanjo huleta usonji ulitoka kwa Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, mwaka 1998, katika makala kuhusu watoto 12. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, naye akafutwa katika orodha ya madaktari. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000 haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji. Laana na malezi mabaya navyo si chanzo chake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hata ukijiona uko peke yako, hauko.

Hatua ya 2: Peleka kwa vipimo, lakini usikae kusubiri karatasi

Mtoto asiyegeuka akiitwa jina anapokaribia mwaka mmoja. Asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu cha kumfurahisha afikapo mwaka na nusu. Anayekushika mkono na kuupeleka kwenye kitu kama vile mkono wako ni chombo. Anayepanga vitu mstari badala ya kuvichezea: ukiona kadhaa kati ya haya kwa pamoja, nenda. Mtoto aliyekuwa na maneno halafu yakapotea aende mara moja, kwa umri wowote.

Anza na kipimo cha masikio. Asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa. Kwa watoto wa miezi 16 hadi 30 kuna dodoso la M-CHAT-R lenye maswali 20, ambalo mzazi hulijibu; hilo huchuja tu, halitoi hukumu. Hukumu hutoka kwa mtaalamu aliyemtazama mtoto akicheza na kukuhoji wewe kwa kina. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji, kwa hiyo anayekuuzia kipimo hicho mkimbie.

Wasichana hupitwa mara kwa mara kwa sababu wengi hujifunza kuiga wenzao na kujificha. Wapo wanaogundulika wakiwa na miaka 40, baada ya watoto wao wenyewe kupimwa.

Foleni ya vipimo huwa ndefu. Yote yanayofuata hapa chini unaweza kuyaanza leo, na hayamdhuru mtoto hata kama jibu litakuja kuwa jingine.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Ningeambiwa nichague hatua moja tu, ningechagua hii. Chukua daftari, piga mistari ugawe ukurasa mara tatu: kilichotangulia, kilichotokea, kilichofuata. Pembeni andika alilala saa ngapi, alikula nini, alipata choo lini. Andika kwa wiki mbili bila kutoa hukumu. "Alikuwa mkorofi" halina faida. "Alisukuma meza, akaziba masikio, akakimbilia chini ya kitanda" lina faida.

Kuna kipindi mwanangu alianza kujipiga shavu la kulia. Nyumba nzima tukaingia kwenye nadharia: anataka tumtazame, ana hasira na mdogo wake, ameiga mahali. Daftari likasema kitu kingine. Alijipiga baada ya kula, hasa vitu baridi, na usiku alipolalia upande huo. Lilikuwa jino limeoza. Lilipong'olewa, kujipiga kukaisha. Aliyempima kabla ya hapo, simtaji, alituambia tu kwamba "hao ndivyo walivyo".

Basi kila tabia mpya inapozuka ghafla, tafuta kwanza maumivu: meno, masikio, kufunga choo, tumbo, koo. Wenye usonji wengi hawahisi ishara za ndani ya mwili kama wengine. Njaa, kiu na haja huwafikia zimechelewa au zimechanganyika, na hata anayeongea anaweza asijue kusema ni wapi panauma. Kifafa na shida za usingizi navyo huwapata zaidi kuliko watu wengine, na vina matibabu yake.

Hatua ya 4: Kagua milango ya fahamu

Keti sehemu anayokaa yeye, kwa kimo chake, dakika kumi, kimya. Sikiliza. Taa ya mrija inavuma. Feni inagonga. Sabuni ina harufu kali. Wewe ubongo wako umeshayachuja hayo. Wake huenda unayapokea yote, kwa sauti moja, kwa wakati mmoja.

Punguza kinachozidi: kata lebo za nguo, zima taa moja, mpe vikinga masikio, mpe kiti cha pembeni ambako watu hawapiti nyuma yake. Kinachopungua mwongezee: kuna watoto wanaotafuta kubanwa, kuruka, kuning'inia, kubembea, na dakika kumi za kuruka kabla ya kukaa darasani humsaidia kuliko kuambiwa "tulia" mara ishirini.

Kupepea mikono, kujiyumbisha, kuzungusha kitu mbele ya macho, kuvuma kwa sauti moja: hayo usiyazuie. Ndivyo anavyojishikiza. Ukimfunga mikono unakuwa umemnyang'anya mkongojo kwa sababu watu wanatazama. Ikiwa anajiumiza, mtafutie kinachompa hisia ileile bila jeraha, mfano kitu kigumu cha kutafuna badala ya mkono wake.

Hatua ya 5: Badili namna unavyoongea

Kiswahili kinamtesa mtoto anayeyachukua maneno kama yalivyo. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga magoti, na hakuna anayepigwa. Tunasema "nakuja sasa hivi" halafu tunarudi baada ya saa nzima. Mtoto aliyeambiwa "subiri kidogo" ana haki ya kuuliza kidogo ni ngapi.

Sema kitu kimoja, kwa sentensi fupi, kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi. Wengi wetu tukifika tatu tunarudia kwa maneno mengine, na yeye anaanza kuchambua upya kutoka mwanzo. Sema cha kufanya, acha cha kutofanya: "tembea" badala ya "usikimbie". Usimlazimishe akutazame machoni. Wengi husikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni, na wanaoweza kueleza husema kutazama macho kunawaunguza.

Anaporudia maneno kama mwangwi, usimkemee. Huenda ni njia yake ya kuchakata, ya kujibu, au ni hadithi nzima iliyofungwa ndani ya sentensi ya kuazima kama "mlango umefungwa". Jiulize: alisikia wapi haya, na siku hiyo alikuwa anahisi nini?

Kwa asiyeongea, au anayepoteza maneno akichoka, weka njia nyingine mapema. Mfumo wa kubadilishana picha ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost huanza hivi: mtoto anachukua picha ya kitu anachokitaka, anaiweka mkononi mwako, papo hapo anakipata. Kuna ishara za mikono, kuna mbao za picha, kuna tableti zinazotamka. Hofu kwamba picha zitamfanya mvivu wa kuongea haina msingi. Tafiti hazijaona hivyo, na wapo wanaoanza kutamka baada ya kupata njia ya kueleweka. Weka picha ya "hapana", ya "inauma" na ya "nimechoka" tangu siku ya kwanza. Wengi hufundisha "naomba" tu, halafu wanashangaa mtoto akikataa kwa meno.

Tahadhari moja: ikiwa mtu mzima lazima ashike mkono wa mtoto ndipo "aandike", anayeandika ni huyo mtu mzima. Njia hiyo imejaribiwa mara nyingi tangu miaka ya 1990 na imeshindwa.

Hatua ya 6: Ifanye siku itabirike

Picha nne au tano za siku, juu kwenda chini, zibandike usawa wa macho yake. Iliyokwisha inang'olewa, inaingia kwenye bahasha. Kwa mdogo tumia mbili tu: kwanza hiki, halafu kile. Weka pia kadi moja ya mabadiliko, yenye alama yake, na uizoeze siku ya jambo zuri ili isije ikawa kadi ya balaa. Kabla ya kuhama kutoka shughuli moja kwenda nyingine toa onyo la dakika tano, kisha la moja. Kipima muda cha mchanga kinachoonekana kikimwagika ni bora kuliko saa.

Hatua ya 7: Siku akilipuka

Kuna kudeka na kuna kuelemewa. Anayedeka ana anachokitaka, anachungulia kama unamwona, akikipata ananyamaza. Aliyeelemewa hata ukimpa kila kitu hanyamazi, kwa sababu hajui tena anataka nini; kikombe kimejaa, kimemwagika. Kumwadhibu wa pili ni sawa na kumchapa mtu kwa kutapika.

Dalili hutangulia. Kila mtu ana zake: mwingine masikio hugeuka mekundu, mwingine huanza kutembea kwa ncha za vidole, mwingine huuliza swali lilelile mara saba. Daftari litakuonyesha. Hapo ndipo pa kuokolea: mtoe mahali hapo wakati bado anatembea kwa miguu yake.

Ikishalipuka, kazi yako ni ndogo na ngumu. Funga mdomo. Zima taa. Toa watu, hasa wanaoshauri. Ondoa vitu vya kuvunjika. Kaa chini, mbali kidogo, ubavu kwake usimkabili. Usimshike ila kama anakimbilia hatari. Usiulize "una nini?" Hana jibu, na swali ni mzigo juu ya mzigo. Siku moja nilikaa sakafuni dakika arobaini, mgongo ukutani, nikisikiliza pumzi yake ikishuka polepole, huku watu wawili upande wa pili wa mlango wakibishana kama ninamharibu mtoto. Mwishowe akanyoosha mguu, kisigino chake kikagusa changu. Hilo tu.

Baadaye mpe maji, mpe blanketi, mwache alale. Somo la maadili halina nafasi siku hiyo. Wapo pia wanaolipuka kwa ndani: wananyamaza, wanaganda, wanaonekana watulivu. Hao husahaulika, na wameelemewa vilevile.

Hatua ya 8: Fundisha ujuzi, chagua tiba kwa macho makavu

Ujuzi wa kila siku ugawe vipande, kisha ufundishe kuanzia mwisho. Kuvaa suruali: mvalishe mpaka magotini, yeye avute kiunoni, amemaliza, amefaulu. Kesho anaanzia kwenye kifundo cha mguu. Kinachompendeza, iwe ni treni au ramani, kitumie kuingizia hesabu na kusoma. Usikigeuze kuwa rushwa ya kumnyima.

Mtaalamu wa tiba ya usemi, na yule wa tiba kazi anayefundisha shughuli za kila siku, wote wawili wana faida. Kuhusu mazoezi ya kubadili tabia kwa zawadi, wenye usonji waliokua wamegawanyika, na wengi wanayalalamikia. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Ivar Lovaas na wenzake, Marekani, walipoyafanya walitumia hata makofi na shoti ya umeme. Siku hizi njia nyingi ni laini zaidi na huenda kwa mchezo. Mimi humuuliza mtaalamu maswali matatu. Mtoto akisema hapana, unafanyaje? Lengo hili linamnufaisha yeye, au linatufanya sisi tusione aibu? Naweza kukaa humu ndani nikitazama? La tatu likijibiwa "hapana", naondoka.

Hatua ya 9: Usalama na matapeli

Wengi huvutwa na maji, na wengi hutoroka kimyakimya. Mfundishe kuogelea mapema. Weka komeo juu, weka jina na namba ya simu kwenye nguo au bangili, wape majirani picha yake na namna ya kumsogelea.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Risperidoni na aripiprazoli zimeidhinishwa Marekani, mwaka 2006 na 2009, kwa ajili ya kupunguza ghadhabu kali tu, na zina madhara yake, ikiwemo kunenepa. Zitolewe na daktari anayefuatilia. Klorini daioksaidi, inayouzwa kama "maji ya madini ya ajabu", ni dawa ya kung'arishia vitambaa na karatasi, huunguza utumbo. Tiba ya kuondoa metali mwilini ilimuua mtoto huko Marekani mwaka 2005. Anayeahidi kuponya usonji anauza.

Hatua ya 10: Mtoto atakuwa mtu mzima

Usonji haukomi mtu akifikisha miaka 18. Kazini, mwenye usonji husaidiwa na mambo ya bei rahisi: maelekezo kwa maandishi, maswali ya usaili yatumwe kabla, kiti mbali na kelele, mkubwa anayesema wazi "hili limekosewa hapa" bila mafumbo. Kujificha siku nzima ili aonekane kama wengine humchosha mpaka akaanguka, kwa hiyo mtu anayekuja nyumbani na kujifungia chumbani hajakununia. Wanasemwa hawana huruma. Damian Milton, mwanasosholojia mwenye usonji, alijibu mwaka 2012 kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili: sisi nasi hatuwasomi.

Mwisho, mwandikie ukurasa mmoja. Kila anayempokea, mwalimu, muuguzi, shangazi, msimamizi wa kazi, apewe nakala. Mwenye ukurasa akiweza, auandike mwenyewe. Usijaze majina ya kitaalamu. Andika kinachomtuliza, kinachomuumiza, anavyosema ndiyo, anavyosema hapana. Wa mwanangu una mistari kumi na mmoja. Wa nne unasema: "Akisema mlango umefungwa, anaogopa. Usimwonyeshe mlango."